Ubao Uliolala

Harufu ya mafuta machafu ya injini yanayopakwa juu ya mbao huwafanya watu wengi wazibe pua na kuharakisha mwendo. Mimi husimama. Miezi michache iliyopita, katika mji huu wa mbali ninakofundisha lugha za kale, nilipita mbele ya kibanda ambacho mwenyewe alikuwa akikipaka mafuta hayo kwa kitambaa kilichofungwa kwenye ncha ya kijiti, na miguu yangu ikagoma kuendelea. Yule bwana akaniuliza iwapo nilikuwa nikitafuta mtu. Nilimjibu kwamba la, sitafuti mtu, kisha nikabaki pale pale, jambo ambalo bila shaka lilimtia wasiwasi.

Wa rika langu waliokulia Goma hawahitaji maelezo. Nyumba zetu zilikuwa za mbao, zimeketishwa juu ya mawe meusi ya lava, na ubao usionyweshwa mafuta ya gari haukuweza kuzivumilia mvua zetu. Wazazi wetu waliyaomba gerejini, yale mazito yaliyokwisha kazi, wakayaleta nyumbani katika vidumu, na kwa siku kadhaa kuta za mtaa mzima ziling'aa kama viatu vya Jumapili. Mtoto aliyeegemea ukuta wa jirani alijulikana kwa mgongo wake. Lakini nyumba yetu ilikuwa na sehemu moja ambayo haikupakwa mafuta hata mara moja, na ni sehemu hiyo iliyonisimamisha mbele ya kibanda cha mtu nisiyemjua.

Nyumba yetu ya mtaa wa Majengo ilijengwa na fundi cherehani, na ilionekana hivyo. Fundi huyo alikuwa Papa. Mashine yake ya kushonea ilikuwa chini ya baraza moja huko Ndosho, na alipofunga kazi alirudi nyumbani kwa miguu, tepi ya kupimia ikiwa bado shingoni, akaanza kuishughulikia nyumba kwa vifaa vile vile alivyotumia kwa suti za maarusi. Hakuwa na uwezo wa kumwita seremala. Nadhani pia hakutaka. Alipima kuta kwa tepi ya kitambaa. Alichora mistari ya msumeno kwa chaki ya fundi nguo, ile bapa, ya buluu. Na kwa mazoea ya mikono ambayo akili haikuweza kuyazuia, kila ubao aliuongezea ziada ya mshono, kana kwamba nao ungekunjwa pembeni na kupigwa pasi. Mbao za Papa zilizidi daima kwa upana wa vidole, na daima ilibidi zikatwe upya.

"Papa Masika," Mama alimwambia siku moja, akiwa ameshika upande wa pili wa ubao, "unaachia nyumba mapindo? Itanenepa lini?"

"Nyumba inaweza kunenepa, Mama Masika. Weye mwenyewe nilikuachiaka mapindo, na sikukosea."

"Sikia huyu mutu! Kata ubao, jua inaenda."

Masika ni mimi. Ndilo jina la binti wa kwanza kwa Wanande, kabila letu, na kutokana nalo wazazi wangu nao walipata majina yao ya mtaani.

Kazi yangu katika karakana hiyo ya nyumbani ilikuwa kunyoosha misumari. Misumari mipya ilikuwa anasa. Yetu ilitoka katika masanduku ya mizigo yaliyovunjwa, nayo ilifika imepinda kama vidole vya wazee. Niliulaza kila mmoja juu ya jiwe la lava, nundu ikitazama juu, nikaugonga polepole huku nikiuzungusha. Hadi leo naweza kutambua kwa sauti peke yake kama msumari umekubali. Mama naye alikuwa waziri wa rangi. Mtu wa mtaani akimaliza kupaka dirisha, Mama alifika na kopo kuomba kilichobaki chini ya debe, akachanganya na mabaki ya wengine, na kwa njia hiyo mlango wetu ukapata rangi ambayo haina jina katika lugha yoyote ninayoifahamu. Dari ilishonwa. Nasema ilishonwa kwa maana kamili ya neno: Papa aliunganisha magunia ya unga, yaliyofuliwa na kuanikwa, kwa mashine yake, akayatandaza chini ya mabati ili kuzuia vumbi na baridi. Herufi za kiwanda zilizofifia zilibaki upande wa ndani, zingine zimepinduka, nami nilijifunza kusoma nikiwa nimelala chali.

Kisha Koko akaja.

Koko, ndivyo tulivyomwita bibi, alikuwa mama mzazi wa Papa, mjane aliyeishi Butembo maisha yake yote. Habari zake zilitufikia kupitia wachuuzi wa maharagwe: kwamba alikuwa ameungua mkono kwenye mbabula, lile jiko la makaa, kwamba alikuwa akiwasalimu watu waliokwisha kupita. Papa alikwenda kumchukua. Walipofika, sisi tukiwa tumesimama kandokando ya gari kuwapokea, Papa alimshika kiwiko ili ashuke. Koko akasimama ngazini.

"Achia mukono."

"Mama, hapa kuna mawe makali."

"Nani alikuambia sioni mawe? Nilikuzaa na haya macho." Alisubiri hadi mkono ukaondoka. "Sikia muzuri, Kambale. Siku mutaanza kunivuta kama mbuzi ya soko, ile siku narudia Butembo. Na kama gari hakuna, nitaenda kwa miguu."

Hakuna aliyecheka. Koko alikuwa mtu wa kutimiza. Na kurudi Butembo halikuwa jambo dogo: nyumba yake ilikuwa imefungwa, jirani aliyekuwa akimchungulia alikuwa amehama, na barabara yenyewe ilikuwa imekwisha kuwa ile ambayo dereva hufanya ishara ya msalaba kabla ya kuwasha gari. Alishuka mwenyewe, akakosea hatua ya mwisho, akajishikilia kwenye bega langu, na papo hapo akageuza kushikilia kuwa salamu. "Masika, umekuwa mukubwa," akasema, akinipapasa uso zaidi kuliko salamu zinavyohitaji.

Siku chache baadaye mvua ilipiga mabati kwa nguvu kiasi kwamba wazazi wangu, waliodhani wananong'ona, walilazimika kusemezana kwa sauti ya kawaida.

"Akirudi kule, moto itamumaliza," Mama alisema. "Na hapa hataki tumushike. Jana alianguka njia ya choo, akaniambia aliinama kuchuma majani. Majani gani, juu ya lava? Tutafanya je?"

Papa akasema, "Nyumba itamushika."

Nilielewa kwamba nyumba yetu itapambwa. Ndiyo maana pekee niliyoweza kuipata: kwamba Papa ataifanya nyumba ipendeze mpaka moyo wa Koko unase humo, asitake tena kuondoka. Nilifurahi. Nikanyoosha misumari kwa bidii mpya.

Kazi ilianza kwa jambo lisilohusiana na nyumba hata kidogo. Jumapili moja, baada ya misa, Papa alitangaza kwamba atamshonea Koko robo ya Pasaka. Robo, kwetu, ni gauni. Koko alisimama katikati ya sebule, ameridhika, akapimwa mabega, kifua, nyonga na urefu. Papa alipokwisha, hakuikunja tepi.

"Mama, weka mukono mbele kidogo. Vile unatembeaka."

Koko akanyoosha mkono mbele yake, kiganja chini, chini kidogo ya kiuno. Papa akapiga goti, akakanyaga mwanzo wa tepi kwa kidole gumba cha mguu, akaipandisha kutoka sakafuni mpaka kiganjani.

"Hiyo nayo ni kipimo ya nini?"

"Ya mufuko."

"Mufuko ya kutokea chini?"

"Ni vile banashona sasa, Mama."

"Ehe," alisema Koko, na hakuongeza neno.

Gauni lilishonwa, na kwa kuwa Papa alikuwa amekwisha kusema mfuko, ilibidi liwe na mfuko. Koko aliweka rozari yake humo.

Baada ya hapo Papa alileta fito nyembamba za mbao, aina ile inayopigiliwa mahali ubao mmoja unapokutana na mwenzake, ili upepo usipite. Kila nyumba ya mtaa ilikuwa nazo, na katika kila nyumba zilisimama wima, kama mbao zenyewe. Papa alizilaza. Alianzia kichwani pa kitanda cha Koko, akapigilia ufito mmoja ukutani ukiwa umelala, kisha mwingine kuendelea pale wa kwanza ulipoishia, akazunguka sebule, akamlazimisha Mama kuhamisha kabati, akapita mlangoni, akatoka nje, akafuata ukuta hadi jikoni, na kutoka jikoni akasimamisha vigingi ili mstari ule uende bila kukatika mpaka choo. Ulikuwa mstari mmoja, wa kimo kimoja. Aliukwangua kwa kipande cha chupa iliyovunjika hadi ukawa laini kama mpini wa jembe kuukuu. Halafu, kana kwamba hayo hayatoshi, alileta kutoka Ndosho vifungo vikubwa vya makoti akavipigilia juu yake: kimoja kabla ya mlango, viwili kabla ya ngazi za mawe, vitatu karibu na mahali mbabula ilipowekwa.

Ulipofika wakati wa kupaka mafuta, alipaka kuta zote akauruka mstari ule. Alipitisha kitambaa juu yake na chini yake kwa uangalifu wa mtu anayepiga pasi kola. Nyumba ikawa nyeusi, na ukanda mweupe ukaizunguka.

"Papa Masika," Mama alisema, akirudi nyuma kuitazama, "sasa kweli umeiwekea pindo."

Majirani hawakutuhurumia. Wapita njia walisimama.

"Fundi! Ile mbao inaziba nini?"

"Ni dekorasio, ya kupendezesha tu."

"Na vifungo? Nyumba itavaa koti?"

"Baridi ya hapa unaijua."

Walicheka, naye alicheka pamoja nao, lakini mimi niliona haya. Nilikuwa nimeahidiwa, au nilijiahidi, nyumba ya kumnasa Koko kwa uzuri, na badala yake tulikuwa na nyumba ambayo watoto waliionyesha kwa kidole. Papa hakuwa mtu wa kufanya jambo bila kipimo. Lazima mstari ule ulikuwa na sababu, na kwa kuwa hakuna aliyeniambia, niliitafuta mwenyewe.

Niliipata njiani kwenda shule. Palikuwa na ukuta wa duka la zamani uliosalimika peke yake, na upande mmoja wa ukuta huo lava iliyoganda ilikuwa imeuegemea kama ng'ombe anayejikuna. Nilipokuwa mdogo zaidi Papa alinisimamisha hapo, akaweka kiganja juu ya ukingo wa jiwe. "Ilifika hapa," aliniambia, "ikachoka." Sasa nilisimama tena mahali pale. Nikakumbuka kiganja chake. Kilikuwa chini kidogo ya kiuno cha mtu mzima. Kilikuwa, bila shaka yoyote, kwenye kimo cha ufito wetu. Na siku hizo mlima wa volkeno ulio juu ya mji ulikuwa ukiwaka. Giza lilipoingia wingu lililoukalia liligeuka jekundu, na watu wazima walilitazama huku wakizungumza mambo mengine.

Kila kitu kikapata mahali pake katika akili yangu, kwa utaratibu ambao leo, baada ya kusoma hoja nyingi mbaya za watu wakubwa, bado nauheshimu. Papa alikuwa ameipima lava. Ufito ulionyesha itakapofika. Vifungo vilionyesha itakapoingilia. Mstari haukupakwa mafuta kwa sababu mafuta hushika moto. Na Papa alisema "dekorasio" ili Koko asiogope akaondoka.

Nikaanza kuokoa. Viatu vyangu vya shule nilivitundika msumarini juu ya mstari. Vitabu nilivipandisha juu ya kabati. Mwanasesere wangu wa matambara alipanda akakaa na vitabu. Nilijaribu kumfundisha kuku wetu kulala juu ya dirisha, naye akanipa maoni yake kwa mdomo. Nilimwomba Papa aongeze miguu ya kitanda changu, akacheka, akasema mwenye kitanda ndiye anapaswa kuongezeka. Hakuelewa, nami nikaelewa kwamba hataki kusema.

Lakini kulikuwa na Riziki, rafiki yangu wa nyumba ya pili, na sikuweza kumwacha aungue. Nilimwita nyuma ya jikoni nikamwonyesha.

"Kitu yote yenye iko juu ya mbao itapona," nilimwambia. "Chini, hapana."

Riziki alipima kwa mkono wake, akaona kwamba mstari ulimfika kifuani. "Na miye?"

"Utapanda meza."

Sikujua jinsi neno la mtoto linavyokwenda mbio wakati mlima unawaka. Kufikia mwisho wa juma, nyumba kadhaa za mtaa wetu zilikuwa zimepandisha magodoro juu ya kabati. Mimi niliona jambo hilo kuwa la busara. Kisha, alasiri moja, Papa akiwa ameketi barazani akiweka kiraka kwenye suruali na Koko akichagua maharagwe mlangoni, Mama Riziki aliingia uani kwetu na nyuma yake walikuja majirani wengine, wengi kiasi cha kuujaza. Alikuwa mama mnene, mcheshi, mzaliwa wa milima ya Masisi, na siku hiyo hakuwa na ucheshi wowote. Alikuwa amembeba mtoto wake mchanga mgongoni, na mtoto alikuwa amevalishwa viatu.

"Fundi," alisema, "siye tuko bajirani. Kama uko na habari ya mulima, juu ya nini unajifungia nayo?"

"Habari gani, Mama Riziki?"

"Unabashoneaka suruali bale ba kupima mulima. Balikuambia. Masika alionyesha mutoto yangu ile mbao. Ni alama ya lava."

Papa aliinua macho kutoka kwenye kiraka. Alinitazama mimi, kisha ufito, kisha mimi tena, na nilimwona akiusoma upumbavu wangu wote kwa mtazamo mmoja, jinsi alivyosoma nguo iliyokatwa vibaya.

"Hapana," alisema. "Mama Riziki, hapana. Ni dekorasio."

"Dekorasio yenye kuenda mpaka choo?"

Mtu nyuma alicheka kwa woga, akaacha. Mama Riziki alikaza kitenge cha mtoto mgongoni. "Fundi, nimefunga vyombo. Batoto banalala na viatu. Bwana yangu iko safarini Bunagana, na miye sijui kama nimungojee ao nikimbie nabo leo. Unicheke kesho. Leo uniambie tu: mbao inafanya nini?"

Sikuwahi, kabla ya siku hiyo, kumwona Papa akikosa kipimo. Akisema tena neno lile, mama huyu angewatoa watoto wake barabarani jioni hiyo, na nusu ya mtaa ingemfuata. Akisema kweli, angeisema mbele ya mama yake, aliyeketi hatua chache kutoka kwake, na kiapo cha Butembo kilikuwa hai. Alifungua mdomo. Mama alikuwa ametokea mlangoni pa jiko, mikono ikiwa na unga, na alikuwa akitikisa kichwa kidogo sana: usiseme, au sema, sijui hadi leo ni lipi.

Koko aliweka ungo wa maharagwe chini.

"Mama Riziki," alisema, "tazama muzuri."

Alisimama bila kuguswa na mtu. Akanyoosha mkono mbele yake, kiganja chini, na kiganja kikatua juu ya ufito kama ndege anayelijua tawi. Akatembea. Alitembea haraka, kichwa juu, kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akitembea tangu afike Goma, na watu wakampisha. Kidole chake kikagusa kifungo. "Mulango," alisema, akapita bila kuangalia. Alifuata ukuta. "Ngazi," akasema penye viwili, akashuka mawe yale makali kama msichana. Alifika jikoni, kidole kikahesabu tatu, naye akashika pindo la gauni lake akalivuta nyuma, mbali na mbabula. "Hapa, moto."

Kisha akageuka kutuelekea, ingawa alimwelekea zaidi mtu aliyesimama kando ya Mama Riziki.

"Lava haina mukono, mama. Hii mbao ni ya mutu yenye iko na mukono na macho ilikwisha. Ni miye nilimuomba mutoto yangu aniwekee. Akaona haya ya kusema kama mama yake iko kipofu, njo maana anabaambia dekorasio. Ni mutoto wa adabu."

Hakuwa amemwomba. Kila mtu wa nyumba yetu aliyekuwa pale alilijua hilo.

Mama Riziki alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Koko, utusamehe."

"Nisamehe nini? Mutu anaogopa lava iko na akili. Enda ufungue vyombo, batoto bakule. Na huyo mudogo umuvue viatu, nasikia vinamubana, analia." Kisha akaniita. "Masika."

"Koko."

"Viatu yako iko wapi?"

"Juu."

"Shusha. Ni vya kutembea."

Walipoondoka, Papa alibaki amesimama na suruali ya mtu mkononi. Alisema, kwa sauti ya mtoto, "Mama, ulijua tangu lini?"

"Tangu ile mufuko. Nimevaa robo tangu ujana yangu, Kambale. Hakuna fundi alishapima mufuko kutokea udongoni." Alirudi kwenye ungo wake akafuata ufito. Karibu na mlango mkono wake ukasita. "Hapa uliacha mwiba. Unanichoma kila asubui na siwezi kusema. Ulainishe."

Papa alikwenda kutafuta kipande cha chupa, mbio.

"Na Butembo, Mama?" Mama yangu aliuliza polepole, bila kumtazama.

Koko alikuwa ameanza kuchagua maharagwe tena, akiyatenga mabovu kwa ncha za vidole. "Butembo iko na vifungo?"

Aliishi nasi hadi mwisho wake. Ufito ule, ambao haukupata kunyweshwa mafuta, uligeuka mweusi polepole kwa mafuta mengine, ya kiganja, ukaanza kung'aa kuanzia kitandani hadi mlangoni, mahali alipopita zaidi, na kufifia kuelekea choo. Alipotutoka, hakuna aliyependekeza kuung'oa. Umeme ulipokatika sote tuliutumia. Nilikuwa msichana mkubwa, nimekwisha kujua maana ya mambo mengi, na bado gizani mkono wangu ulipogusa vifungo vitatu nilivuta sketi nyuma.

Nyumba ile haipo tena. Sisi watoto, kidogo kidogo, tuliwajengea wazazi wetu ya matofali palepale, yenye kuta zilizopigwa plasta na kulainishwa, kuta ambazo mkono unateleza juu yake bila kupata pa kushika. Papa bado ana mashine yake. Jioni ile niliposimama mbele ya kibanda cha mafuta, nilimpigia Mama simu, nikasikia anacheka isivyo kawaida.

"Papa yako anasema sindano ya siku hizi haina tundu," aliniambia. "Na asubui aliweka chai pembeni ya kikombe. Nilimushika mukono. Akaniambia nimuachie."

Nilisafiri. Kabla ya kufika nyumbani nilipitia Ndosho, nikanunua tepi ya kupimia.

"Papa," nilimwambia, baada ya salamu na chakula, "simama nikupime. Nataka koti. Ya kukushonea."

"Weye? Na ile vitabu yako yote?"

"Nitamupatia fundi."

"Fundi gani? Siku hizi mutu yote iko na makasi anajiita fundi." Lakini alisimama, katikati ya sebule, mgongo wima, akautazama ukuta, au upande wa ukuta. Nilipima mabega. Nilipima kifua, na akanikemea: "Usikaze. Achia nafasi, mutu anapumua." Nilipima mkono, nilipima urefu. Kisha nikapiga goti mbele yake, tepi ikigusa sakafu, na hapo moyo ukanishinda. Sikuwa na mfuko wa kumdanganyia. Alikuwa amekwisha kuutumia yeye. Nikaanza kuikunja tepi.

"Umemaliza?" aliuliza kutoka juu.

"Nimemaliza, Papa."

"Bado mufuko," alisema. Akanyoosha mkono mbele yake, kiganja chini, akautuliza hewani kwa kimo anachokijua, na akangoja nipime.